Mshale Wenye Vichwa Viwili

Asubuhi hiyo Bi Mshale aliingia kidato cha tatu A na dasta yake ya kipande cha godoro, akafuta ramani ya jiografia iliyoachwa ubaoni tangu jana, akaandika tarehe juu pembeni, kisha akachora ioni ya asetati, ambayo ni siki iliyopoteza haidrojeni moja. Kaboni mbili, oksijeni mbili, haidrojeni tatu za kusindikiza. Oksijeni ya juu akaiunga kwa mistari miwili, ya chini akaiunga kwa mstari mmoja na kuibandika alama ya kutoa, ambayo ndiyo chaji hasi. Kisha akachora mshale mrefu wenye kichwa huku na kichwa kule, na upande wa pili wa mshale akairudia ioni ileile, ila mistari miwili sasa iko chini na alama ya kutoa imepanda juu. Wakati huohuo, nyuma ya ukuta wa mbao unaotenganisha madarasa, yeye huyohuyo alikuwa kidato cha tatu B akichora kitu kilekile kwa chaki ya kijani, kwa kuwa B hawakuwa na chaki nyeupe.

Hakuna aliyeshtuka. Kiranja wa A alitumwa B kuazima rula ndefu, akamkuta mwalimu wake kule, akamwamkia upya kama adabu inavyotaka, akapewa rula, akamletea mwalimu wake huku. Bi Mshale aliipokea na kumwambia asikawie tena njiani.

Chanzo chake kilikuwa cha kawaida kabisa. Mwalimu wa kemia wa B alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha rangi, na shule ikaomba mwingine, na jibu likaja kwamba ombi linashughulikiwa. Ombi liliendelea kushughulikiwa kwa bidii kubwa. Huku nyuma mratibu wa taaluma, mtu ambaye kisanduku kitupu kwenye ratiba humnyima usingizi, aliandika jina la Bi Mshale kwenye visanduku viwili vya kipindi kimoja. Alimwambia ni kwa muda tu. Kwa muda tu ni kipimo ambacho sayansi haijakipatia kizio mpaka leo.

Muhula mzima Bi Mshale alikimbia barazani, chaki mkononi, akianza sentensi A na kuimalizia B. Wageni walidhani ndiyo maana wanafunzi walimpa lile jina. Sivyo. Walimpa kwa sababu ya mishale yake, na hasa kwa sababu ya alama alizowakata juu ya mishale hiyo.

Kulikuwa na kosa moja ambalo Bi Mshale hakulisamehe, na kila mwaka kizazi kipya kililigundua upya. Badala ya mshale mmoja wenye vichwa viwili, wanafunzi walichora mishale miwili inayokimbizana, mmoja ukienda na mwingine ukirudi, kana kwamba ioni inashinda njiani kama mtu aliyesahau funguo. Hapo alikata alama zote bila huruma. Ioni haiendi popote, aliwaambia. Michoro hii miwili yote ni uongo, kila mmoja kwa sehemu yake. Tunachora miwili kwa sababu kalamu haiwezi kuchora kitu kilivyo. Ioni yenyewe ni moja, ni mseto wa yote, kila bondi ni moja na nusu, kila oksijeni imebeba nusu ya mzigo. Hiyo ndiyo resonansi, na mtu asiyeielewa ni heri akachukue historia.

Kwa hiyo siku alipojikuta yupo A na B kwa pamoja hakuona kioja. Kilichomkera ni kelele za chaki mbili kichwani mwake. Kila darasa lilipata mwalimu wa nusu unene. Sauti ilisikika vizuri, lakini gauni lake lilipauka kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba, na ukimtazama vizuri uliuona ubao kupitia mgongo wake. Walioketi nyuma walifurahi. Miaka yote walikuwa wakilalamika kwamba mwalimu anawaziba, na sasa walinakili bila kunyoosha shingo.

Mkuu wa shule alifurahi zaidi. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, lakini huyo fisi hakuwa na mratibu wa taaluma. Mkaguzi alipokuja alisimama mlangoni pa A, akasimama mlangoni pa B, akasifu matumizi mazuri ya walimu, akaomba maji ya kunywa. Akashauri pia shule nyingine zije kujifunza.

Mambo yangeendelea hivyo kama mama yake Bi Mshale asingeugua. Mama alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mwanamke ambaye kwa maisha yake yote aliita majina asubuhi na hakukubali mtoto ajibu "nipo" huku anachungulia dirishani. Aliyepo yupo wote, alikuwa akiwaambia, macho na masikio pia. Sasa alilala kwenye chumba cha uani nyumbani kwa bintiye, kwenye kitanda cha chuma, na pembeni kukawekwa kiti cha mbao cha kuuguzia.

Ndugu walikutana. Kaka mtu, muuza matairi, alisema yeye hawezi kukaa na mgonjwa kwa sababu moyo wake ni mwepesi. Mdogo wao wa kike, mwenye duka la mapazia, alisema yeye moyo wake ni mzito ila nafasi hana. Wote wawili walikubaliana kwa upendo kwamba dada, ambaye tayari yupo mahali pawili, hatadhurika akiongeza pa tatu.

"Wewe ndiye unayeweza," kaka alimwambia. "Sisi wengine tungevunjika."

Bi Mshale alikubali, maana kanuni hiyo alikuwa akiifundisha mwenyewe. Ukipewa michoro kadhaa ya molekuli moja na kuambiwa uilinganishe, unaanza kuangalia kama kila atomi imeshiba elektroni zake nane. Kisha unaangalia chaji hasi imekaa kwa nani. Oksijeni huivumilia, kaboni haiwezi, kwa hiyo mchoro unaoibebesha oksijeni mzigo ndio ulio imara. Katika familia ile kaka na mdogo wake walikuwa kaboni watupu. Walishiba, wakanawa mikono, wakaondoka.

Kanuni ile ilikuwa na mkia mchungu. Michoro haichangii sawasawa; ulio imara zaidi huchangia zaidi, na ule dhaifu huchangia kidogo tu, kama mtu wa mwisho kwenye foleni ya sukari. Shule ilikuwa na kengele, na mratibu, na mitihani ya mwisho wa mwaka. Chumba cha uani kilikuwa na mama mgonjwa peke yake. Kwa hiyo Bi Mshale aligawanyika kama kemia inavyotaka. Sehemu kubwa ilibaki A na B, na kilichofika kwenye kiti cha mbao kilikuwa makombo.

Kila alasiri mama alifungua macho na kuita jina lake, lile la utotoni, kisha akauliza.

"Upo?"

"Nipo, mama."

Mama alimtazama kwa muda, jicho moja limefinywa, kama alivyokuwa akiwatazama watoto waongo.

"Mbona naona kiti?"

Bi Mshale alijibu kwamba kiti ni kipya, kinang'aa. Kiti kilikuwa cha zamani kuliko wote wawili. Alimpa mama uji kwa kijiko, na kijiko kilimwelemea, kwa sababu mkono uliokishika ulikuwa mwembamba kuliko mvuke wa huo uji. Ulimwagika kidogo kwenye mto. Mama alihamishia kichwa upande mkavu.

Siku moja mama alimwambia anataka jambo moja tu. Daktari alikuwa amemweleza mengi kwa kuyanyamazia, na yeye si mtoto.

"Siku moja uje mzima," alisema. "Usibakize kitu shuleni. Nikuone nisione kiti. Baada ya hapo hata ukija kipande, basi."

Bi Mshale aliahidi. Aliomba ruhusa ya Ijumaa moja tu, na Mkuu wa shule akalipeleka jambo hilo kwenye kikao cha walimu baada ya vipindi, kati ya suala la jezi za mpira na suala la mlango wa choo.

Lazima tumtendee Mkuu haki: siku ile alikuwa na huruma. Inatokea. Alisimama mbele ya ubao wa chumba cha walimu, akachora visanduku vitatu, akaandika A, B na Nyumbani, halafu akaviunganisha kwa mishale, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi, kila upande.

"Mnaona mwenzetu anavyokimbia?" alisema. "Huku, kule, tena huku. Binadamu gani anaweza? Mimi naona Ijumaa haitoshi. Apewe wiki nzima akapumzike na mama yake. Fizikia atamshikia madarasa."

Mwalimu wa fizikia alikohoa, lakini hakukataa. Mratibu alikwisha kutoa kifutio cha kurekebishia ratiba. Walimu walitikisa vichwa kwa masikitiko, wengine wakimtazama Bi Mshale na wengine, kupitia kwake, wakilitazama dirisha. Kilichobaki ni yeye kusema asante na kukaa.

Bi Mshale aliitazama ile mishale. Mmoja unakwenda, mwingine unarudi. Alijikaza. Alikunja mikono, akaufinya mdomo, akamfikiria mama yake. Alijaribu hata kutazama chini. Lakini mtu aliyekata alama za watoto wa watu kwa miaka mingi juu ya kosa lilelile hawezi kuliacha likae ubaoni kwa sababu tu safari hii linamfaidi.

"Samahani, Mkuu," alisema. "Mshale siyo huo."

Akainuka, akafuta, akachora mishale yenye vichwa viwili, safi, kwa mkono ulionyooka. Akaeleza. Kwamba yeye hakimbii. Kwamba hajawahi kutoka A kwenda B tangu siku ile. Yupo A, yupo B, yupo nyumbani, kwa pamoja, kwa viwango tofauti, na hayo ya kwenda na kurudi ni kosa la wanafunzi wasiosoma. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu mzuri, na somo likianza kukolea humnogea mwenyewe, hakuishia hapo. Akaeleza kwamba mseto una nishati ndogo kuliko mchoro wowote mmoja, na kwamba kitu kadiri kilivyosambaa ndivyo kilivyo imara. Akatoa mfano wa benzini, ambayo imesambaza elektroni zake duara zima na kuivunja ni kazi kubwa.

Mkuu alisikiliza kwa makini. Alikuwa mtu wa lugha, lakini hakuwa mjinga.

"Kwa hiyo huchoki njiani," alisema.

"Njia haipo, Mkuu."

"Na tukikukusanya mahali pamoja?"

Bi Mshale aliona jibu linakuja. Lilikuwa jibu sahihi.

"Nishati inapanda," alisema. "Uimara unapungua."

"Basi Mungu apishe mbali, hatuwezi kukuvunjia uimara wako," Mkuu alisema, akaweka chaki chini, na kikao kikahamia kwenye mlango wa choo.

Dakika hiyohiyo, kwenye chumba cha uani, mama alimwona binti yake akijiziba mdomo kwa kiganja.

"Umefanya nini?"

"Nimesahihisha."

Mama alifunga macho. Alikuwa amefundisha herufi za mwanzo kwa watoto, na wajukuu wa watoto hao, na alijua mwanawe kamtoa nani.

"Ningefanya hivyohivyo," alisema, na mkono wake ukautafuta wa binti yake juu ya shuka, ukapita katikati yake, ukagusa shuka.

Bi Mshale alilia, nyumbani kwa wazi, na kesho yake A kidogo, B kidogo. Wanafunzi walidhani ni vumbi la chaki. Alijichukia siku nyingi, na alama alizozipata siku ile kwenye kikao, ambazo zilikuwa zote, hazikumsaidia.

Ilibaki njia moja, na hiyo aliijua pia kutoka ubaoni. Asetati ikirudishiwa haidrojeni yake, ikaishika upande mmoja, ule mseto hutulia. Inakuwa siki tu, kitu chenye mahali pake. Kinachotakiwa ni kupata cha kushika. Alisubiri alasiri ambayo A na B walikuwa na jaribio, mwalimu anahitajika kwa kukaa tu, na alipoona vichwa vyote vimeinama juu ya karatasi alikishika kile kitanda cha chuma kwa mikono yote miwili na kujivuta.

Haikuwa rahisi. Uimara ni uimara. Yule wa A alikuja kwa shida, kuanzia miguuni. Yule wa B alikwama kwenye ukuta wa mbao, halafu naye akaja. Kule shuleni chaki mbili zilianguka chini, nyeupe na ya kijani, na katika kila darasa mwanafunzi mmoja akaiokota na kuiweka mezani. Nyumbani kiti kililia kwa uzito. Gauni lake lilirudiwa na rangi. Lilikuwa la buluu, alikuwa amesahau. Nyuma yake kiti hakikuonekana hata pembe.

Mama alikuwa amelala. Ulikuwa usingizi wa kwanza wa maana baada ya maumivu ya siku nyingi, pumzi zimeshuka, uso umelegea. Mgonjwa aliyepata usingizi haamshwi. Hilo kila anayeuguza analijua, na Bi Mshale alikuwa mtu wa kanuni. Alikaa, mzima, uzito wote, akaushika mkono wa mama na safari hii ukashikika. Ulikuwa mdogo na wa moto. Alitamani kusema kwamba yupo, lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kule shuleni mratibu wa taaluma alipita barazani, akaona jaribio halina msimamizi. Hakufoka. Aliingia A, akasimama mbele ya kiti kitupu, akaiambia hewa kwa heshima:

"Mwalimu?"

Na Bi Mshale, ambaye alilelewa na mama aliyefundisha kwamba ukiitwa unaitika, aliitika.

Mama aliamka muda mfupi baadaye. Aligeuza uso kwenye mto.

"Nimeota umekuja," alisema.

"Nilikuja, mama."

Mama alifinya jicho moja.

"Mbona naona kiti?"

Alifariki wiki hiyo, katikati ya kipindi cha kulinganisha michoro. Bi Mshale alikuwepo, kwa kadiri alivyokuwepo. Wanafunzi wa B walikumbuka baadaye kwamba mwalimu alisita kwenye neno "dhaifu", halafu akaendelea na oksijeni. A hawakukumbuka chochote, walikuwa wananakili.

Kwenye mazishi kaka mtu alizungumza vizuri mpaka watu wakatoa leso. Alisema dada yao hakubanduka kitandani kwa mama hata mara moja, na huo ulikuwa ukweli. Yule wa mapazia alilia kwa sauti kubwa, moyo wake mzito ukiwa umepata nafasi. Watu waliopita kutoa pole waliangalia kupitia kwa Bi Mshale ili wasiteleze kwenye udongo mbichi. Mkuu wa shule alitoa salamu za rambirambi na kuwaambia waombolezaji kwamba mwalimu huyu ni mfano, kwani hata muda huu anapomzika mama yake, madarasa mawili yanaendelea. Wazee walitikisa vichwa. Walisema watu wa namna hiyo siku hizi hawapo.

Bi Mshale alitarajia kwamba ile sehemu yake ya chumba cha uani, kwa kuwa haina tena wa kumkalia, itamrudia. Ilimrudia. Jumamosi alimwaga maji kwenye ndoo na kuona kivuli chake ukutani, chepesi lakini chake. Jumapili kiliongezeka. Jumatatu asubuhi mratibu wa taaluma alikutana na kivuli hicho barazani kabla ya kukutana na mwenyewe, akakitazama kama mtu aliyeokota kitu.

"Pole tena, mwalimu," alisema. "Naona sasa una nafasi."

Kwa hiyo saa tatu alikuwa A, na alikuwa B, na alikuwa pia kidato cha nne C, ambao nao ombi lao linashughulikiwa. Huko C alichora molekuli moja kwa michoro mitatu, akawaonyesha ulio imara, akawaonyesha unaoufuata, na wa mwisho, ule ambao chaji hasi imekalia kaboni, akaueleza kwamba huchangia kidogo sana.

Msichana wa dawati la mbele aliinua mkono. Aliuliza kama huo wa mwisho, kwa kuwa ni mdogo hivyo, wanaweza kuuacha.

"Tusipouchora, mwalimu, kuna kitu kitaharibika?"

Bi Mshale aliigeuza chaki mkononi, A, B na C.

"Kwenye mtihani, hapana," alisema. "Hakuna atakayekukata alama."

Kisha akageukia ubao na kuuchora tena, polepole, mkubwa kuliko ile mingine, na darasa zima likaunakili kupitia mgongo wake bila mtu hata mmoja kumwomba asogee.